Siku Nilipompa Mtani Wangu Shikamoo

Kabla ya lami, kipande cha Somanga kwenda Ndundu hakikuwa barabara, kilikuwa uji. Masika ikikolea, mabasi ya Dar es Salaam yalizama mpaka milangoni, na abiria wakalala humo siku na siku. Walikula mihogo yetu, walinunua maji yetu, walitutukana kwa kuwauzia ghali, na sisi tukawatukana kwa haraka yao. Mimi nilikuwa kijana mwenye mabega. Nilikuwa nimeshuka kutoka Njinjo kutafuta maisha, nikayakuta kwenye tope: nikawa msukuma magari. Kazi haina siri. Unabaki na kaptula, unaingia, unasukuma, tairi linakutemea tope usoni, unapewa kitu, unakwenda kujiosha baharini, unarudi kusukuma jingine.

Namkumbuka bwana mmoja wa basi. Abiria wote walishuka. Kina mama walishuka wamekunja kanga magotini, shehe mzima akashuka kashika makubazi mkononi. Yeye akabaki ndani peke yake, dirishani, tai shingoni, anatuelekeza. "Wa kushoto waanze! Vuteni pumzi pamoja! Aa, ninyi hamna mbinu!" Tulikuwa tunamsukuma na yeye. Mwili wake ule wote ulikuwa humo humo ndani ya basi tunalolisukuma, na wala haikumpitia akilini. Tangu siku ile nina ugonjwa wa kudharau mtu anayefundisha akiwa amekaa. Haujanitoka, na sijautafutia dawa.

Pembeni yangu alikuwa anasukuma jamaa mmoja mrefu, miguu kama ya korongo, amefika siku hiyo hiyo kutoka bara, njia ya Liwale. Akaacha kusukuma. Akaenda chini ya dirisha, akamwambia yule bwana kwa adabu zote, "Mzee, tai yako ina doa." Bwana akainama kutazama. Alipoinama, jamaa akaikamata ile tai kwa mkono uliojaa tope, akaisugua taratibu kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Samahani. Sasa limekuwa moja tu."

Basi zima la watu lilicheka, waliokuwa kwenye tope na waliokuwa kwenye nyasi. Mimi nikamuuliza, "Wewe kabila gani?"

"Mngindo."

"Ndiyo maana. Mngindo akiona kitambaa anadhani ni cha kufutia mikono."

Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe?"

"Mmatumbi."

"Ahaa! Basi kaa upande wa upepo unakokwenda. Mmatumbi akifa wenzake hawajui, maana hata akiwa hai ananuka hivyo hivyo."

Ikawa imekwisha. Tulikuwa watani, na tukabaki watani mpaka uzee. Kwa wewe unayesoma ambaye kwenu haya yamekufa, nikueleze kidogo: Mmatumbi na Mngindo wakikutana hawaamkiani, wanatukanana. Hakuna kununa. Ukinuna, wewe ndiye mgonjwa. Na siku ya msiba mtani ndiye mwenye kazi. Anachimba, anapika, anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na kaburi likishakuwa tayari anaingia yeye kwanza, analala humo, hatoki mpaka wafiwa wampe kuku. Sisi wawili tuliwekeana ahadi hiyo. Atakayebaki ndiye atakayelala. Yeye kanizidi umri, lakini shikamoo yangu alikuwa hajaionja hata mara moja.

Lami ikaja, ikatuua. Magari hayakuzama tena. Mimi nikakaa pale yanaposimama mabasi, nikikaanga samaki, na yeye akapanda mikorosho yake nyuma ya nyumba. Mke wake akafa, wa kwangu akarudi kwao Kitomanga akasema amechoka na harufu ya samaki. Watoto wake yeye wakaenda Dar es Salaam wote, na aliyeshika usukani wa ukoo akawa binti yake, mfanyakazi wa ofisi, mwanamke wa kuongea taratibu. Binti ni mtani wangu vilevile, kwa baba yake, lakini utani hakuutaka. Aliuona ushamba. Mimi kwake nilikuwa "baba mdogo," tafadhali baba mdogo, samahani baba mdogo. Nikimtupia neno, anatabasamu kama mtu aliyemeza limau.

Halafu kiharusi kikampiga baba yake. Upande wa kulia ukafa, mguu, mkono, jicho na nusu ya mdomo. Wa kwanza kufika nilikuwa mimi, kwa sababu nyumba zetu zinatazamana. Nikamwambia, "Nilijua ipo siku nusu yako itazinduka iikimbie nusu nyingine." Akatoa sauti ya ajabu. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Nikamhudumia mimi. Namwogesha, namgeuza, namlisha, nampeleka kibarazani atazame mikorosho yake. Sikuitwa na mtu. Lakini sikuwa nimesomea, na nikisema kweli palitokea kidonda kiunoni kwa ajili ya kulalia upande mmoja. Binti alipokuja kumtazama baba yake akakiona. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu.

"Baba mdogo," akasema, "Mungu akulipe. Lakini baba anataka mtu aliyesomea, mwenye cheti. Kaka zangu wameshasema. Kama hapa Somanga hakuna mwenye cheti, tunamchukua Dar."

"Akakae wapi?"

"Kwangu. Ghorofani."

Mzee alikuwa anasikia. Kwa ule mdomo wake wa upande mmoja akasema, "Ghorofani sifi. Nitafia vipi juu? Kaburi langu liko pale, chini ya mikorosho. Nimeshamwonyesha huyu mbwa atakapolala."

Ndiyo ikawa hivyo. Ama cheti, ama mtani wangu anapakiwa kwenye basi kama gunia la korosho, na simwoni tena.

Wakati huo palikuwa na mradi. Sitautaja, na hata nikiutaja haukusaidii, ilikuwa herufi tupu. Ulikuja kufundisha wahudumu wa wagonjwa majumbani. Ulitaka watu waliomaliza darasa la saba. Mimi niliishia la nne, siku niliyopigwa kwa kuchelewa nikaamua kuchelewa moja kwa moja. Lakini mradi ulikuwa umejaa wanawake tu, na huku kwetu mwanamke hawezi kumvua suruali mzee wa watu akamwogesha, labda awe mkewe. Walikuwa wanatafuta mwanamume kama mtu anayetafuta kuni masika. Wakanichukua na la nne langu.

Sasa nikueleze mafunzo. Kwanza fulana. Kabla hujafundishwa chochote unapewa fulana na kofia. Ya kwangu ilinifika magotini. Halafu mnakaa darasani kwa watoto, kwenye madawati ambayo magoti yako yanagonga kidevu, na mbele kuna karatasi kubwa zimening'inizwa, wanaziita bango kitita. Mtu anaandika neno kwa kalamu nene, mnalisoma kwa pamoja, mnapiga makofi. Makofi yenyewe yana aina. Kuna makofi ya kilo, kuna makofi ya mvua. Watu wazima, kina mama wenye wajukuu, wanapiga makofi ya mvua kwa sababu mwenzao amejibu kwamba mikono hunawishwa kwa sabuni! Saa nne chai. Hiyo chai ndiyo ilikuwa somo walilolielewa wote. Sambusa zilikuwa hazijatoka kwenye beseni na wenzangu wamekwisha funga madaftari.

Pia walikuwa na sanamu la plastiki, ndilo mgonjwa wetu wa kujifunzia. Halina uzito, halina harufu, halikasiriki, halijinyei. Unaligeuza kwa vidole viwili. Nikasema, huyu akiwa mgonjwa basi nami ni daktari mkuu. Na lisipokuwa sanamu ni igizo: mshiriki mwenzako analala juu ya meza, anajifanya kapooza, na anachekacheka kila ukimgusa kwapa.

Mgonjwa haitwi mgonjwa. Anaitwa mteja. Nikauliza, "Mteja kaja kununua nini kitandani? Mimi mteja wangu ni anayenunua samaki."

Aliyekuwa anatufundisha alikuwa muuguzi, binti wa watu kutoka mikoa ya juu, mpole, anayejua kazi yake. Huyu simdharau sana. Alinifundisha kumkalisha mgonjwa wima wakati wa kumlisha, maana akilishwa amelala uji unaingia mapafuni. Alinifundisha kumgeuza kila baada ya saa chache kwa kufuata jua, na kuweka mto wapi. Nikayachukua, nikayafanya, na kile kidonda cha kiunoni kikafunga. Hilo nasema wazi, sina sababu ya kumnyima mtu haki yake. Lakini naye alikuwa na somo lake la mwisho, na ndilo lililotuponza. Liliitwa lugha ya staha.

"Kila unapoingia kwa mteja," akasema, "unasalimia, unajitambulisha, unaomba ruhusa, unaeleza unachotaka kufanya."

"Nijitambulishe kwa mtu niliyekula naye tope ujana wote?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kila mara."

"Na kama ni mtani wangu?"

"Utani unauacha mlangoni, pamoja na viatu." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Kwetu nako tuna watani, mzee wangu. Naujua utani. Lakini mtu akiwa kitandani yuko chini yako. Unamtukana, na yeye hawezi kukurudishia."

"Nani hawezi? Huyo? Mdomo wake umekufa nusu, lakini nusu iliyobaki inawatosha Wamatumbi wote mpaka Kipatimu."

"Kwenye mtihani," akasema, "nitasikiliza lugha."

Mtihani wa vitendo ulifanyika nyumbani kwa mtani wangu mwenyewe, kwa sababu ndiye mgonjwa niliyekuwa naye. Muuguzi alikuja, na mkubwa wa mradi alikuja. Mkubwa huyu alikuwa mtu wa gari lenye baridi ndani. Alikaa humo kioo kimepanda mpaka alipoletewa kiti kivulini mlangoni, ndipo akashuka, akakaa, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, akasema, "Haya, mhudumu, tuoneshe."

Nilikuwa nataka cheti. Nilivyokuwa nakitaka, ningemwamkia hata mbuzi. Nikavua makubazi mlangoni. Nikaingia. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikasema:

"Shikamoo, mzee wangu."

Jicho lake lile zima likanigeukia, likakaa juu yangu muda mrefu.

"Mimi ni mhudumu wako wa leo," nikaendelea kama nilivyofundishwa. "Naomba ruhusa yako nikugeuze, halafu nikukalishe upate uji. Je, unaniruhusu?"

Akasema, polepole, "Nimekufa lini?"

Mkubwa hakusikia, alikuwa anaandika. Nikamgeuza. Nikamkalisha. Alikuwa mwepesi mikononi, kama lile sanamu, hakunisukuma wala kunivuta sikio kama kawaida yake. Machozi yakamtoka jicho moja, yakashuka upande uliokufa ambako hayasikii. Muuguzi aliyaona, akaniambia nje kwa sauti ya chini, "Umemgusa, mzee wangu. Umeona mtu akiheshimiwa anavyofurahi?" Mkubwa akanipa mkono. Alama zangu zikawa za juu kuliko za wote, pamoja na walimu wastaafu waliokuwemo.

Gari lilipoondoka nikarudi ndani nacheka, nataka tuwacheke pamoja. Nikamkuta kageukia ukutani.

"Daktari kakwambia nini?" akauliza.

"Daktari gani? We Mngindo, ulikuwa mtihani ule."

"Usinifiche. Tangu tope mpaka leo hujawahi kuniamkia. Hata jeneza langu ulitakiwa ulitukane. Sasa unapiga magoti. Kuna kitu wamekwambia."

"Wallahi hawajaniambia kitu! Ulikuwa mtihani wa cheti, mzoga wewe, ili usipelekwe Dar."

"Unaona? Hata hilo tusi umelitoa kwa huruma."

Na ni kweli lilikuwa na huruma. Nilikuwa nimeshatishika. Tusi la mtani likiingia huruma linakuwa kama chai isiyo na majani, unameza tu. Kuanzia hapo ikawa kila nikimtukana ananitazama kwa upole, ananiambia, "Usijilazimishe, ndugu yangu." Ndugu yangu! Mimi! Akaacha kula. Uji ulikuwa unaingia kijiko kimoja, cha pili anafumba mdomo. Akaagiza kanzu yake nyeupe ifuliwe. Akamwita jirani mmoja mama wa makamo, akamwonyesha ilipo sanda. Akamtaka binti yake kwenye simu, akamwambia njoo tuagane.

Hayo ndiyo mafanikio ya mradi. Mtu alikuwa anaishi, anatukana, anakula, kidonda kimefunga. Wakaleta staha, mtu akaanza kufa.

Binti akafika na basi la asubuhi. Alipomwona baba yake alivyokonda akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akawa anamshika ule mkono usiosikia. Akaniuliza, "Baba mdogo, si uliniambia umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Mbona baba anakufa?"

Nikamweleza. Hakunielewa, au hakutaka. Akasema hataki habari za utani sasa hivi, na kama mpaka jioni baba yake hajala, kesho anapanda naye basi, cheti kiwepo kisiwepo. Begi lake alikuwa hajalifungua. Lilikuwa pale mlangoni, limesimama kama askari.

Na mchana huo huo, kana kwamba wameitwa na shetani, gari la mradi likasimama nje. Mkubwa na muuguzi. Kesho yake ilikuwa sherehe ya kutoa vyeti, na mkubwa alitaka apige picha za video za mhudumu bora na mteja wake, aende nazo huko anakokwenda nazo. Akaletewa kiti. Akakaa. Akainua simu yake. "Mzee, rudia ile salamu yako nzuri. Ile ya kupiga magoti."

Nilikuwa nimeshika bakuli. Uji ulikuwa umeanza kufanya ngozi juu. Nikamtazama mtani wangu: kanzu nyeupe, macho kayafumba, mikono kaipanga kifuani kama maiti mwenye adabu. Nikamtazama mkubwa kwenye kiti, simu juu, anasema, "Sogea kushoto kidogo. Usinizibie mteja." Nikamwona yule wa tai. Wallahi nilimwona yule yule, dirishani. Hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo, na ilikuwa hasira kweli, ya wote wawili, ya aliyekaa na ya aliyelala.

"Fa basi!" nikapiga kelele. Bakuli likamwagika kidogo. "Fa upesi, unangoja nini? Unapanga mikono kama bibi harusi! Kaburi nimeshalipima, ni fupi, hiyo miguu yako ya korongo tutaikunja, na ikikataa kukunjika tutaiacha nje watoto waanikie nguo! Mikorosho yako nitaikata kuni zote! Na kuku wangu sitaki kuku mwenye mafua kama mliyenipa kwenye msiba wa mkeo. Nataka jogoo. Msiponipa jogoo sitoki humo ndani, tutafukiwa wote, nitakukoromea sikioni mpaka kiama!"

Binti akasimama. Muuguzi akaweka mkono mdomoni. Mkubwa akasema, "We mzee!"

Kitandani jicho moja likafunguka.

"Jogoo?"

"Jogoo!"

"Mmatumbi huna jino hata moja mbele. Jogoo utamtafuna na nini, na masikio?"

"Nitamsaga kwenye kinu."

"Kinu chenyewe cha kuazima." Akakohoa, akajaribu kujiinua kwa ule mkono wa kushoto. "Nikalishe, mbwa wewe. Unanimwagia uji kanzu safi. Ndiyo umeutia chumvi, au ni jasho lako?"

Nikamkalisha wima, mto mgongoni, kidevu chini kidogo, kama nilivyofundishwa. Akala. Akamaliza bakuli, akasema ni uji mbaya kuliko yote aliyowahi kula, akataka mwingine. Muuguzi akabaki anamtazama anavyomeza, na nadhani yeye alielewa kitu, maana alikuja akashika bakuli la pili mwenyewe. Lakini mkubwa alikuwa ameshashusha simu.

"Hii haiwezi kuonyeshwa popote," akasema. "Huyu amemdhalilisha mteja. Mbele ya familia."

Akaamua hapo hapo, kwenye kiti. Cheti changu kinazuiliwa. Kesho kwenye sherehe nitasimama mbele ya mgeni rasmi na washiriki wote, niombe radhi kwa familia ya mteja, niseme nimekosa na sitarudia, ndipo nipewe. Akageuka kwa binti, akamwomba samahani kwa niaba ya mradi. Binti alikuwa anasuuza bakuli. Akaendelea kulisuuza, mgongo katugeuzia wote wawili. Jioni nilipokuwa natoka akaniambia neno moja tu: "Kesho uje na shati safi, baba mdogo." Begi lilikuwa bado mlangoni. Sikujua kama alimaanisha shati la kupokelea cheti au la kumuaga baba yake stendi.

Sherehe ilikuwa uwanja wa shule. Turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachopiga mluzi. Ningetaka kukueleza hotuba lakini hakuna mtu aliyezisikiliza, hata waliozitoa. Mgeni rasmi alichelewa, halafu akaomba tuharakishe kwa sababu ana shughuli nyingine. Washiriki walikuwa wamekaa wote na fulana zao, wanachungulia upande wa masufuria. Wakaitwa mmojammoja, makofi ya kilo, picha, soda. Mimi nikawekwa wa mwisho. Binti alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye viti vya familia, na begi lake liko miguuni. Mzee tulimwacha nyumbani na yule mama jirani, amekula asubuhi, ametukana mara nyingi.

Mkubwa akashika kipaza sauti, akaeleza kwamba mradi unajali utu. Akasema mhudumu mmoja aliteleza kwenye lugha, lakini mradi unasamehe. Akaniita. Nikasimama. Akanipa kipaza sauti na kuniambia kwa sauti ya kumfundishia mtoto, "Mwombe radhi binti wa mteja. Sema, nilimdhalilisha mzazi wako."

Nilikuwa tayari kusema. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa nimelikariri njia nzima kama sura ya Kurani. Kumwomba radhi mpumbavu mbele ya pilau si kitu, kama mtani wangu atabaki chini ya mikorosho yake. Nikafungua mdomo, nikamtazama binti.

Akanitangulia. Hakuinuka hata kwenye kiti. Akasema kwa sauti ile ile yake ya taratibu, na uwanja mzima ukasikia:

"Huyu aniombe radhi ya nini? Kwani Mmatumbi alijua adabu lini? Mzee mzima hana meno, ananuka samaki mpaka huku nilipo, na hilo shati nilimwambia alete safi kaja na la kufungia dagaa. Nenda nyumbani, mzoga wewe. Baba yangu saa ya uji imefika, na ukimchelewesha nitakuzika mimi mwenyewe, tena bila kuku."

Nyuma, upande wa wenyeji, watu wakapasuka. Kina mama wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi akacheka kwa sababu wengine wanacheka. Mkubwa akawa anageuza shingo, huku na huku, anatafuta mtu wa kumweleza.

Mimi nilikuwa nimeshaeleweshwa. Tangu azaliwe hakuwahi kunitukana, na mtu hamtukani mtani wake kwa namna ile halafu akapanda basi na baba yake. Begi likabaki pale miguuni, halina kazi. Mzee hakwenda Dar, nakwambia mapema usije ukaniuliza. Alikaa, akaishi, akanitukana masika mawili zaidi, akafia kitandani kwake mchana kweupe, na jogoo nilipewa.

Lakini siku ile, pale uwanjani, mkubwa akaninyooshea cheti na mkono mwingine akauelekeza kwenye kipaza sauti. "Mzee, maliza. Sema maneno yako upokee cheti chako."

Nikaweka kipaza sauti juu ya meza, pembeni ya maua ya plastiki. Kikapiga mluzi. Nikavua kofia yao, nikaiweka juu yake. Nikashuka, nikapita katikati ya viti, nikapita kwenye masufuria, nikatoka uwanjani, nikashika lami. Walikuwa wananiita nyuma. Sikugeuka, na sijarudi tena.